Jinsi ya kuijua gemu ya mapanga na uchawi ya bei chee kabla haijala bando lako

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya wale wenye laptopu za mtumba na bando la kuunga unga, wanaopenda gemu za mapanga, majoka, wachawi na mifupa inayotembea, ila hela ya kununua zile gemu kubwa haipo. Mi ni mmoja wenu. Niko Mbagala, Dar, nimekulia kwenye mabanda ya gemu enzi za PS2, tunalipia kwa dakika, memori kadi moja inabeba sevu za mtaa mzima, na pale ndio nilipoanza kuzipenda gemu za namna hii. God of War ya kwanza ilitoka 2005, sisi tuliing'ang'ania miaka mingi baadae, na ile benchi ya banda ilikuwa inagombaniwa hata na ambao hawachezi, wanataka tu kuona Kratos, shujaa wake, anavyokata.

Sasa mwaka jana mwezi wa pili, lile joto mnalijua, nikaiona gemu moja, jina lake naliacha, trela yake ina joka linatua juu ya ngome, mvua inanyesha, jamaa ana panga linawaka moto, inauzwa dola 7 tu. GB 23. Nikalipia, nikawa naidaunlodi usiku usiku kwa siku tatu. Jumamosi mtoto wa dada yangu akaja, anko leo tunacheza, tukawasha. Dakika ya kumi na moja ukatokea mfupa wa kwanza, nikaupiga panga, panga likapita kifuani kama linapita kwenye moshi, mfupa haukushtuka, ile damu yake, yaani mstari wa uhai ulio juu ya kichwa, ikapungua kidogo, afu ukanipiga mimi wakati kamera, yaani lile jicho unaloonea gemu, imeshaingia ndani ya ukuta naona matofali tu. Mtoto akaniuliza, "Anko, umempiga au hujampiga?"

Hilo swali ndilo nalitumia mpaka leo kupima gemu yoyote ya bei ndogo, na nimeshapima nyingi tangu siku ile kwa sababu sitaki mtu mwingine achome GB 23 kama zile.

Kwanza elewa jambo moja. Kasoro za gemu za hela ndogo sio za aina moja. Kuna kasoro za mfuko na kuna kasoro za mkono. Za mfuko ni zile ambazo jamaa hawakuwa na hela, sura za watu zimekauka, mdomo hauendani na maneno, kijiji kina watu sita na watatu wamefanana. Hizo samehe, kwa sababu gemu kama The Witcher 3 ya 2015 ilikula zaidi ya dola milioni 80 ukijumlisha na matangazo, huwezi kumdai mtu wa hela ndogo vitu vile. Za mkono ni zile ambazo hela sio tatizo, kazi tu haijatulia, panga halisikiki, kamera inakusaliti, sevu iko mbali. Hizo ndio zinaua gemu, na hakuna uvumilivu utakaozirekebisha, masaa thelathini utakayocheza yote utakuwa nazo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaitupa gemu kwa sababu sura mbaya, wanabaki na yenye sura nzuri ambayo mikono yake imekufa.

Kabla hujalipa

Trela usiitegemee. Inakatwa vipande vya sekunde mbili mbili, na kwa sekunde mbili panga lolote linaonekana tamu. Tafuta video ya mtu anayecheza bila kukata, dakika kumi za mwanzo zinatosha, na angalia kwa ubora wa chini kabisa kuokoa bando maana hapo hutafuti uzuri wa picha, unatafuta adui akipigwa anafanyaje, na mchezaji akiingia kwenye chumba kidogo kamera inaenda wapi. Msikilize pia huyo anayecheza. Mtu akianza kusema "ah nimeibonyeza jamani" mara tatu ndani ya dakika kumi, we jua pedi ya kuchezea haisikilizwi vizuri.

Maoni ya wachezaji kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, yanaonyesha kila mtu amecheza masaa mangapi. Ruka aliyecheza nusu saa akaitukana, ruka na anayesema ni gemu bora maishani mwake, mtafute aliyecheza masaa kumi na tano akaipenda na bado anaorodhesha ubaya wake. Huyo ni ndugu yako, msome mpaka mwisho. Na angalia apdeti ya mwisho ilikuwa lini, hasa kwa zile gemu zinazouzwa kabla hazijakamilika, Steam wameruhusu huo utaratibu tangu 2013 na kuna nyingi zimeachwa njiani, mtengenezaji kaondoka na gemu bado iko dukani inauzwa.

Afu kuna hili linawaponza sana watu wa laptopu za Kariakoo: gemu ya hela ndogo sio lazima iwe nyepesi. Wakati mwingine inakuwa nzito kuliko kubwa. Kuifanya gemu iwe nyepesi ni kazi ya fundi, mti ulio mbali unatakiwa kuchorwa kirahisi maana huuoni vizuri, ukisogea ndio ubadilishwe na mti kamili. Jamaa wasio na muda wanaacha mti wa kule mlimani uchorwe kwa vipande vile vile kama ulio mbele ya pua yako, laptopu yako isiyo na kadi ya grafiki inabeba msitu mzima bila sababu. Kwa hiyo usiseme ah hii ndogo hii itapiga tu, soma mahitaji yake, na wakiandika RAM GB 8 na we una 8 kamili jua Windows nayo inataka sehemu yake humo humo.

Piga na hesabu ya bando. GB 23 kwa spidi ya megabiti 4 kwa sekunde ni kama masaa 13 bila kukatika, na mnajua wenyewe kama kwenu kuna masaa 13 bila kukatika.

Saa ya masaa mawili

Steam wanarudisha hela kama hujapitisha siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya masaa 2. Watu wengi Dar hawalijui hili au wanalijua wanalichezea. Yale masaa yanahesabiwa gemu ikiwa wazi, hata ukiwa umeiacha kwenye menyu umeenda kununua chipsi, kwa hiyo ukitoka funga kabisa. Kama njia uliyolipia haiwezi kupokea marejesho, hela inaingia kwenye pochi yako ya Steam, unanunulia nyingine. Siku 14 nazo zinaanza siku uliyonunua, sio siku uliyomaliza kudaunlodi, kwa hiyo usinunue ukiwa huna bando ukasema ntaivuta mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo una masaa mawili ya kupima. Usiyamalizie kwenye hadithi ya mwanzo, mfalme amekufa, kijiji kimechomwa, shujaa kapoteza kumbukumbu, hiyo ruka yote utaiona baadae kama gemu itabaki. Nenda moja kwa moja mpaka ushike panga.

Kipimo cha panga

Hapa ndio nitakaa muda mrefu maana hapa ndio gemu nzima ilipo. Kwenye gemu ya mapanga utabonyeza kitufe cha kupiga mara elfu kadhaa. Kama ile mara moja haina utamu, zidisha.

Kuna kitu watengenezaji wazuri wanafanya ambacho ukishakijua utakiona kila mahali. Panga likigusa mwili, picha inasimama. Kweli inasimama, anayepiga na anayepigwa wanaganda kwa fremu chache, yaani zile picha moja moja zinazopita haraka kutengeneza mwendo. Gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 17, ukigandisha fremu 4 au 5 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, jicho halihesabu lakini mkono unasikia, ndio maana shoka linaonekana zito na kisu kinaonekana chepesi, kwa sababu shoka linagandishwa zaidi. Juu ya hapo adui anayumba kuelekea upande aliosukumwa, sauti inalia muda ule ule, pedi inatetemeka kidogo. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji dola milioni 80. Ni mtu kukaa usiku mmoja anajaribu fremu 3, anajaribu 5, anarudi 4. Ndio maana naiita kasoro ya mkono.

Sasa fanya hivi. Simama mbele ya adui wa kwanza, mpige mara tatu ukiangalia. Halafu funga macho umpige tena. Kwa sauti tu na mtetemo unatakiwa ujue umepiga mwili, umepiga ngao au umepiga hewa. Kama zote tatu zinalia "shwii" ile ile, basi jamaa wamenunua sauti moja wakaibandika kila mahali. Kisha rudi hatua moja nyuma, mahali ambapo unaona kabisa panga halifiki, piga. Damu yake ikipungua, tatizo ni hili: gemu haihesabu lile panga unaloliona, inahesabu boksi lisiloonekana lililofungwa kwenye panga, na hapa wamefunga boksi kubwa kuliko panga. Utafurahi sasa hivi kwa sababu linakusaidia, ila adui naye ana boksi lake, na bosi, yule adui mkubwa wa mwisho, atakukata na nyundo iliyopita mbali na kichwa chako.

Jaribu na kukatisha. Anza kupiga, katikati bonyeza kukwepa. Kuna gemu zinakatisha panga na kukwepa hapo hapo, kuna gemu zinakulazimisha umalizie kwanza. Zote mbili ni sawa! Dark Souls ya 2011 inakulazimisha umalizie, na ndio utamu wake, ukirusha panga umesharusha. Kinachotakiwa ni iwe hivo hivo kila siku. Gemu mbovu leo inakatisha kesho haikatishi, silaha hii ndio silaha ile hapana, bila mpangilio, na mkono wako hauwezi kujifunza kitu kisicho na mpangilio.

Muangalie adui kabla hajakupiga

Acha kupiga sasa. Simama tu muache akupige mara tano, we angalia bega lake. Binadamu akiona kitu mpaka kidole kibonyeze inachukua kama robo sekunde, wepesi kidogo chini ya hapo, kwenye fremu 60 hizo ni fremu 12 mpaka 15, na TV yako nayo ina uchelewaji wake. Kwa hiyo adui anayeinua shoka na kulishusha ndani ya fremu 8 huyo hakwepeki kwa macho, hata uwe bingwa wa Temeke nzima, utaishia kukariri. Adui mzuri anakuonyesha kwanza, anavuta mkono nyuma, anapumua, macho yanawaka, ndio anashuka, na we ukipigwa unajua kosa ni lako.

Angalia pia kama anageuka wakati panga lake liko hewani. Ameshainua, we umeshazunguka nyuma yake, afu anazunguka kama yuko juu ya sahani anakufuata na shoka likiwa bado hewani. Hiyo ni kasoro inayochosha roho kuliko zote, kwa sababu umefanya kila kitu sawa na bado umepigwa.

Kwa mnaotumia TV, kabla hujailaumu gemu ingia kwenye setingi za TV utafute ile ya gemu uiwashe, inapunguza kuchelewa kwa picha, nimeona watu wanazitupa gemu nzuri wakati mbaya ni TV.

Kamera

Tafuta kona. Chumba, pango, ngazi za mzunguko, chochote chembamba. Ingia na adui wawili ukae mgongo ukutani, zungusha kamera yote. Kamera ya nyuma ya bega ni kitu kigumu sana kutengeneza, kwa sababu inabidi ijue kuta ziko wapi, isogee mbele, isikuzibe, isiruke ruka, na studio ndogo zinaiacha mpaka mwisho. Kamera ikiingia ukutani ukaona nje ya dunia, au ikakubana mpaka unaona nywele za shujaa tu, hesabu hilo ni vyumba vyote vya gemu, maana hakuna gemu ya majoka isiyo na mapango.

Jaribu na ile ya kumfunga adui mmoja kamera imfuate, utaratibu uliopata umaarufu na Zelda Ocarina of Time ya 1998. Wakiwa wawili, ukitaka kuhamia wa pili inahamia kwa aliye karibu au inahamia kwa panya aliye nyuma ya pipa? Mi nimewahi kufa mara nne kwa bosi kwa sababu kamera ilikuwa inampenda mtumishi wake.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Ile God of War ya PS2 kamera yake huishiki kabisa, wenyewe wameipanga kila sehemu ikae wapi, na kijiti cha kulia cha pedi kikabaki cha kukwepea. Studio ndogo zingeweza kufuata njia ile wakaepuka matatizo nusu. Badala yake zinataka kamera huru kama ya wakubwa, zinaipata mbovu.

Magodoro

Baada ya kama dakika arobaini utakuwa umekutana na adui wa aina kadhaa, wahesabu. Mfupa mweupe, mfupa mwekundu na mfupa mwenye kofia ni adui mmoja. Kurudia umbo ni kasoro ya mfuko, umbo moja jipya na mwendo wake ni wiki kadhaa za kazi ya mtu, naelewa. Nachoangalia mimi ni kama mwekundu anapigana tofauti. Akirusha moto, akikimbia, akimlinda mwenzake, basi ni adui mpya hata kama sura ni ile ile. Kama tofauti ni damu nyingi tu, huyo ni godoro, unapiga unapiga unapiga linameza, na gemu ya magodoro inarefushwa makusudi ili waandike "masaa 40" kwenye tangazo. Hesabu mapigo, adui wa kawaida wa njiani akivuka mapigo kumi na tano ya panga lako na hafanyi kitu kipya, andika.

Ramani kubwa tupu ni ndugu wa godoro. Dakika tano unatembea hakuna kitu, unakuta kasha, ndani ya kasha sarafu tatu.

Sevu na umeme

Hili wenzetu wa nchi nyingine hawaliandiki sana ila kwetu ni la kwanza au la pili. Gemu inasevu wapi na kila baada ya muda gani? Umeme ukikatika Mbagala saa mbili usiku na betri ya laptopu ya mtumba inakaa dakika nane, gemu yenye sehemu za kusevu kila baada ya dakika arobaini itakurudisha nyuma kila wiki. Kipimo: cheza dakika kumi baada ya sevu ya mwisho, toka mpaka menyu, rudi, angalia umepoteza nini. Kuna zinazosevu mahali ulipo ila maadui wote wanafufuka, hiyo kawaida. Kuna zinazosevu vitu vya mkobani ila hazisevu kama umeshaongea na mzee wa kijiji, hapo mlango hautafunguka tena na mzee haongei tena, umefungiwa ndani, anza upya. Hilo nimelipata masaa 18 ndani ya gemu.

Hatari zaidi ni umeme kukata wakati ile alama ya kusevu inazunguka. Fundi makini anaandika sevu mpya pembeni kwanza, ikikamilika ndio anaibadilisha na ya zamani, kwa hiyo ukikatika katikati ya zamani ipo. Asiye makini anaandika juu ya ile ile, ukikata unabaki na faili lililovunjika, na gemu nyingi ndogo zina sevu moja tu. Usisubiri ujue yako ni ipi. Tafuta folda la sevu, mara nyingi liko kwenye Documents au ndani ya AppData, linakopike kwenye flashi kila ukimaliza kucheza, ni megabaiti chache, sekunde tano. Na ndani ya gemu ukiruhusiwa kusevu kwa mkono tumia nafasi tatu kwa zamu, usikae kwenye moja.

Za kusamehe

Sauti za watu, mtu mmoja anaigiza mlinzi, mchawi na mama muuza samaki, samehe. Nyuso, samehe. Mwendo wa shujaa unaofanana na wa gemu nyingine, hiyo ni kwa sababu kuna maktaba kama Mixamo ya Adobe inagawa miendo bure, na kuna maduka ya maumbo ya kununua tayari, mti, ngome, mfupa. Kununua sio dhambi, hata fundi seremala hatengenezi misumari mwenyewe. Ninachokataa ni kuchanganya, mfupa umechorwa kama wa kweli kabisa umesimama kwenye nyasi za katuni, hapo hakuna aliyekaa akaangalia picha nzima.

Na kuna watu wamefanya makubwa na kidogo, ndio maana sikubali ile ya "ah hela ndogo bana utegemee nini". Hollow Knight ya 2017 imetengenezwa Australia na kikundi cha watu watatu hivi, ni picha za kuchora bapa, lakini kila pigo unalisikia mpaka kwenye kiwiko. Hellblade, 2017 hiyo hiyo, pale Cambridge, timu ya watu kama ishirini, chumba chao cha mikutano wakakigeuza studio ya kunasa miendo wakatumia na vyuma vya IKEA, na aliyemuigiza Senua, shujaa wa gemu hiyo, Melina Juergens, alikuwa mhariri wao wa video, hakuwa muigizaji, na akachukua tuzo ya BAFTA 2018. Karibu zaidi na sisi kuna Aurion ya Kiro'o Games, Yaoundé Kamerun, ilitoka 2016, hawakukimbilia kuiga dunia kubwa ya 3D, wakachora bapa hadithi yao wenyewe ya mfalme na mkewe waliopinduliwa. Mi huwa nawaza Fumo Liyongo. Shujaa asiyedhurika isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni, yuko gerezani, mama anatuma mkate wa wishwa ndani una tupa ya kukatia pingu. Hiyo ni steji ya kwanza tayari imekamilika, chumba kimoja, pingu, ngoma zinalia nje kuficha sauti ya tupa. Huhitaji joka wala ngome kumi.

Ukiamua kubaki nayo

Gemu imefaulu panga na sevu ila inakatakata. Angalia inakata lini. Ukirusha moto mara ya kwanza ikashtuka, mara ya pili na ya tatu ikawa laini, hiyo ni kompyuta inaandaa michoro ya ule moto, itaisha yenyewe ukishaona vitu vingi. Ikishtuka kila moto, hapo ni uzito. Anza na vivuli, shusha mpaka chini, vivuli mara nyingi vinakula sana na kwenye vita huviangalii. Kisha ukubwa wa picha ya ndani (resolution scale) shusha mpaka asilimia 75, maandishi mara nyingi yatabaki makali. Zima ule ukungu wa picha ukigeuka (motion blur). Halafu funga fremu kwenye 30. Najua 60 ni nzuri, ila 30 iliyotulia mkono unaizoea, inayopanda 50 inashuka 25 mkono hauzoei kamwe, na faida nyingine ni joto. Laptopu ikichemka inajipunguza spidi yenyewe, na Dar mwezi wa pili chumba tu kiko 32, ndio maana gemu inakuwa laini dakika ishirini za kwanza afu inaanza kuganda. Inua laptopu kwa vifuniko vinne vya soda kila kona ipitishe hewa, feni ya chumba iielekee upande wa matundu. Kama haijawahi kufunguliwa tangu uinunue, mpelekee fundi atoe vumbi abadilishe na pesti ya kwenye prosesa.

Kamera ikiwa ya hovyo kidogo ongeza umbali wake kama setingi zinaruhusu, punguza spidi yake, na pigana nje. Yaani kweli, mvute adui atoke chumbani, rudi nyuma mpaka uwanjani, wengi wanakufuata.

Halafu waandikie watengenezaji. Studio ya watu watano mara nyingi inasoma ujumbe wako, sio kama kampuni kubwa. Ila usiandike gemu yenu mbovu. Andika laptopu yako ni ipi, RAM ngapi, ulikuwa wapi kwenye gemu, ulibonyeza nini kabla haijaganda, na kama inajirudia ukifanya tena. Kiingereza cha kuunga unga kinatosha. Mi yule mzee wa kijiji aliyeacha kuongea niliwaandikia, mistari sita, nikaambatanisha na lile faili la sevu kutoka kwenye flashi. Wakajibu baada ya siku tatu kuomba sevu nyingine ya kabla ya hapo, nilikuwa nayo, nikawatumia, na kwenye apdeti iliyofuata mlango ukafunguka.